Jua Lililotua Mashariki

Mwaka 1968 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo The Green Berets. John Wayne alikuwa mmoja wa waongozaji wake, na steringi alikuwa yeye mwenyewe. Inahusu makomandoo wa Marekani nchini Vietnam, na ilitoka vita vyenyewe vikiwa bado vinapiganwa. Mwishoni kabisa Wayne anatembea ufukweni na mtoto yatima wa Kivietnam, muziki umepanda, na jua linatua polepole baharini. Picha inavutia. Kasoro ni moja tu: pwani ile inatazama mashariki. Kulisubiri jua lizame katika bahari ile ni sawa na kwenda Coco Beach, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, ukakodolea macho Bahari ya Hindi ukitarajia lizame mbele yako. Litazama, ila kisogoni kwako, huko upande wa Ubungo.

Kosa hilo limechekwa kwa zaidi ya miaka 50, na linastahili kuchekwa. Lakini mimi naliona ni kosa lisilomdhuru mtu, kwa sababu linajianika lenyewe. Anayeliona anajua papo hapo kwamba anasimuliwa hadithi, na kwamba msimulizi ana lake jambo. Filamu inayonitia wasiwasi ni ile ambayo jua lake linatua panapostahili, buti za askari zimefungwa kamba jinsi zilivyofungwa mwaka ule, na bunduki inalia kwa mlio wake halisi. Filamu ya namna hiyo haituachii mahali pa kucheka. Na mtu akishakosa pa kucheka, mara nyingi hukosa pia pa kuuliza.

Wanaozungumzia filamu za vita hupenda kusema kwamba mwongozaji ana mizigo mitatu ya kusawazisha: usahihi wa historia, uhalisia na uzalendo, kana kwamba ni muuza nafaka sokoni, akiongeza huku akipunguza kule mpaka mizani itulie. Mfano huo haunishawishi, maana vitu hivi vitatu havikai kwenye mizani moja. Usahihi unajibu maswali: nini kilitokea, kilimpata nani, kilianzishwa na nini. Uhalisia ni kazi ya macho na masikio: vumbi, damu, mtutumo unaoziba masikio, askari kijana anayemwita mama yake. Filamu inaweza kujaa uhalisia pomoni na usahihi ukawa haba. Tena uhalisia hufanya kazi kama mdhamini wa mkopo. Tukishaona kwamba kofia ya chuma ni yenyewe na jeraha ni lenyewe, tunaukopesha uzalendo imani yetu bila kukagua hati nyingine.

Chukua Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, ya mwaka 1998. Nusu saa yake ya kwanza, yale mapigano ya kutua ufukwe wa Omaha, Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, ilibadilisha namna vita vinavyopigwa picha duniani. Mpigapicha wake, Janusz Kamiński, alizifubaza rangi na kuichezea kamera mpaka kila chembe ya mchanga inayorushwa na bomu ikaonekana inakatika angani, kama picha za habari za enzi ile. Ufukwe wenyewe ni wa Curracloe, Ireland, na wengi wa wale askari ni askari wa Ireland waliokodishwa. Hata hivyo, maveterani waliokuwapo Normandy waliitambua siku yao, kiasi kwamba idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia ilifungua laini ya simu kwa wale ambao filamu iliwaamshia machungu ya zamani. Uhalisia haupatikani kwa nguvu kubwa kuliko hapo. Lakini filamu inafunguka na kufunga kwa bendera ya Marekani, na mtazamaji asiyesoma kwingine anaweza kutoka ukumbini akiamini kwamba Ulaya ilikombolewa na Wamarekani peke yao. Wanajeshi wapatao 156,000 walivuka bahari siku ile, na zaidi ya nusu yao walikuwa Waingereza na Wakanada. Sidai kwamba Spielberg alidanganya. Alichagua kikosi kimoja akakifuata, na hiyo ni haki yake. Ninachosema ni kwamba nguvu ya ile nusu saa ya ufukweni ndiyo inayomfanya mtazamaji asiulize ni nani walikuwa kwenye fukwe nyingine.

Hadi hapo madhara ni madogo, kwa sababu Mwingereza ana filamu zake na vitabu vyake vya kujisemea. Mambo hubadilika pale anayeachwa nje hana pa kujisemea, na hapo tunaingia jirani yetu, Somalia. Black Hawk Down ya Ridley Scott ilitoka mwishoni mwa Desemba 2001, miezi mitatu na ushee baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Inasimulia mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, pale makomandoo wa Marekani walipoingia mtaani karibu na soko la Bakara kuwakamata wasaidizi wa mbabe wa vita Jenerali Mohamed Farah Aidid. Kazi iliyopangwa iishe kwa muda wa saa moja hivi ikavuka usiku mzima, baada ya helikopta mbili kutunguliwa. Kwa ufundi, filamu haina mfano: ilipata Oscar mbili, moja ya uhariri na nyingine ya sauti. Waigizaji walipelekwa kwenye kambi za jeshi kufunzwa na askari wa vikosi vilevile walivyoviigiza. Helikopta zilikuwa za jeshi, marubani wa jeshi. Mogadishu peke yake ndiyo haikuwapo. Mitaa tunayoiona ni ya Morocco, katika mji wa Salé na jirani yake Rabat.

Sasa sikiliza inavyoanza. Maandishi ya mwanzo yanatueleza habari za njaa, misaada iliyoporwa, na walinzi wa amani 24 wa Pakistan waliouawa mwezi Juni 1993. Yote ni kweli. Kisha simulizi inaruka moja kwa moja hadi Oktoba. Kilichorukwa ni tarehe 12 Julai. Siku hiyo helikopta za Marekani zilivurumisha makombora kwenye nyumba ambamo wazee wa ukoo wa Habar Gidir, ukoo wa Aidid, walikuwa kwenye mkutano. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu maiti 54. Upande wa Marekani ulitaja idadi ndogo zaidi. Wanahabari waliokimbilia pale kupiga picha walivamiwa na umati uliojaa hasira, na wanne waliuawa: Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya, Dan Eldon, aliyekulia Nairobi, na Hansi Krauss, Mjerumani. Ukiiondoa siku hiyo, wale watu wanaomiminika mitaani Oktoba na bunduki wanabaki kuwa kundi la wendawazimu wanaochukia wafadhili wao. Ukiirudisha, hawageuki kuwa malaika, lakini wanakuwa na sababu. Na waandaaji hawakuwa hawajui. Filamu ilitokana na kitabu cha mwanahabari Mark Bowden, na Bowden aliliandika shambulio lile, akawapa Wasomali kadhaa nafasi ya kusimulia walivyoyaona mapigano kutoka upande wao wa barabara. Kitabu kilikuwa na pande mbili, filamu ikabaki na mmoja.

Mwisho wake ndio unaosema zaidi. Maandishi yanapita yakieleza kwamba Wasomali zaidi ya 1,000 na askari wa Marekani 19 walipoteza maisha. Halafu yanafuata majina, yote 19, moja baada ya jingine. Kwa upande wa pili kuna tarakimu moja ya mviringo, na hata tarakimu yenyewe ina ubishi, kwa kuwa makadirio mengine huanzia watu 300 hivi. Hakuna uongo katika orodha ile; kila jina lilikuwa la mtu na kila mtu alikuwa na mama. Lakini mbele ya macho yetu, kifo cha namna moja kinaandikwa na cha namna nyingine kinakadiriwa. Hata askari aliyekufa akiwasaidia Wamarekani hayumo. Mat Aznan Awang wa jeshi la Malaysia aliuawa usiku ule akiwa kwenye msafara wa magari ya deraya uliokwenda kuwatoa waliozingirwa, na Wapakistani walikwenda na vifaru vyao. Ndani ya filamu wao ni kama madereva wa basi la jioni: wamefika, wamebeba, basi.

Nasikia pingamizi la kwanza, na ni la haki. Filamu si somo la historia; ina saa mbili, ina bajeti, ina kanuni zake. Lazima ifupishe, iunganishe watu watatu kuwa mmoja, iache tarehe. Nakubali bila kinyongo. Ndiyo maana nilianza kwa kulisamehe jua la John Wayne. Lakini mabadiliko hayalingani uzito. Mfano uko Ziwa Tanganyika, kwetu. The African Queen ya mwaka 1951, ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, inamalizika kwa meli ya Wajerumani kulipuliwa na boti dogo la wapenzi wawili. Meli iliyoichochea hadithi ile, Graf von Goetzen, haikulipuliwa na mpenzi yeyote. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi, Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 ikabeba abiria na dagaa kwa jina la Liemba. Uongo huo wa meli haumnyang'anyi mtu chochote. Lakini mwanzoni mwa filamu hiyohiyo askari wa Kijerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji kwenda kusikojulikana, na wakishatoka kwenye picha hawarudi tena. Wale ndio Vita Kuu ya Kwanza yenyewe ya Afrika Mashariki. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa wakibeba mizigo ya majeshi yote mawili, na kumbukumbu yao imebaki kwenye majina ya mitaa, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, kutokana na jina la Kiingereza la kile kikosi cha wapagazi. Filamu iliwaona kwa dakika chache, ikageuka kufuata boti.

Kwa hiyo tofauti ninayoitafuta haiko kati ya kubadili na kutobadili. Kuna badiliko linalofupisha safari, na kuna linalohamisha stahili ya mtu kwenda kwa mwingine. U-571 ya mwaka 2000 ni ya aina hii ya pili. Inaonyesha wanamaji wa Marekani wakiteka nyambizi ya Kijerumani na kuchukua mashine ya siri ya Enigma. Walioiteka U-110 na mashine yake, Mei 1941, walikuwa Waingereza wa manowari ya Bulldog, na Marekani ilikuwa haijaingia vitani bado, iliingia Desemba. Bunge la Uingereza lilinung'unika, na Waziri Mkuu Tony Blair akakubaliana na waliosema kwamba ni kuwavunjia heshima waliokufa. Ndani ya nyambizi ile ya sinema, mabomba yanavuja vizuri sana na jasho ni la kweli.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba uhalisia wenyewe ni dawa: onyesha utumbo ukimwagika, na hakuna kijana atakayetamani vita. Ningependa liwe kweli. Lakini Jarhead ya mwaka 2005, iliyotokana na kumbukumbu za askari wa Vita vya Ghuba, ina tukio ambalo wanamaji wanaosubiri kupelekwa jangwani wanaonyeshwa Apocalypse Now, ile sehemu ya helikopta zinazoshambulia kijiji cha Vietnam huku muziki wa Wagner ukivuma. Francis Ford Coppola aliitengeneza sehemu ile iwe picha ya wazimu. Wanajeshi wanaishangilia kama goli la ugenini. Na Black Hawk Down ilipofika Mogadishu kwa kanda za wizi, Januari 2002, waandishi waliripoti kwamba watazamaji walishangilia kila Mmarekani alipoanguka. Filamu ni ileile, damu ni ileile, vumbi ni lilelile. Uhalisia hauna chama. Humtumikia kila anayekuja ukumbini na bendera yake kichwani. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanalielewa hili kuliko maprofesa: wanajua kwamba steringi hafi, na kwamba jeraha lake lipo ili kumwongezea sifa.

Kisha kuna suala la nani anaazima vifaa. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina ofisi inayoshughulika na watengeneza filamu, na haifanyi siri: lete mswada usomwe, ukikubalika utapata meli, ndege na askari, usipokubalika, tafuta kwingine. The Green Berets ilipata. Coppola alikosa, akaenda kukodi helikopta za jeshi la Ferdinand Marcos kule Ufilipino, ambazo zilikuwa zikiitwa katikati ya upigaji picha zikapigane na waasi wa kweli. Hapa ndipo uhalisia na uzalendo vinapofungishwa ndoa rasmi. Anayetaka helikopta ya kweli anaipata kwa mwenye helikopta, na mwenye helikopta ana maoni yake kuhusu kilichotokea. Kadiri chuma kinavyokuwa halisi zaidi, ndivyo hadithi inavyokuwa na wakaguzi zaidi. Jeshi lolote duniani lingefanya hivyo, na simlaumu mwenye mali. Namlaumu mtazamaji anayedhani helikopta ya kweli ni uthibitisho wa hadithi ya kweli.

Litakuja pingamizi la tatu: kila taifa lisimulie lake. Wamarekani wamesimulia yao, basi wengine watengeneze zao. Wamalaysia wamefanya hivyo. Mwaka 2023 ilitoka Malbatt: Misi Bakara ya Adrian Teh, inayowarudisha askari wao mahali pao katika usiku ule wa Mogadishu, na walikuwa na kila haki. Senegali ilishafanya hivyo mwaka 1988, pale Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow walipotengeneza Camp de Thiaroye kuhusu askari wa Kiafrika walioipigania Ufaransa, kisha wakapigwa risasi na Wafaransa haohao tarehe 1 Desemba 1944 kwa kudai malipo yao. Filamu kama hizo ni deni linalodaiwa, na mimi ni wa kwanza kuziunga mkono. Lakini kama kila mmoja atahesabu maiti wake tu, tutaishia na maktaba ya orodha zisizosomana. Clint Eastwood alilijua hilo mwaka 2006: alipomaliza filamu ya Wamarekani waliosimika bendera Iwo Jima, akatengeneza nyingine ya Wajapani waliokuwa mahandakini, kwa lugha ya Kijapani, Letters from Iwo Jima. Nchi ni yake, ushindi ulikuwa wake, na bado alivuka kwenda kumtazama aliyeshindwa akiandika barua.

Ushahidi ulio bora zaidi kwangu ni The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, ya mwaka 1966, na nauchagua kwa sababu filamu hiyo ni ya kizalendo waziwazi. Algeria ilikuwa huru miaka minne tu. Mmoja wa watayarishaji wake, Saadi Yacef, alikuwa kamanda wa wapiganaji wa uhuru wa FLN mjini Algiers, na ndani ya filamu anaigiza mtu anayefanana na yeye mwenyewe. Uhalisia wake ni wa kutisha: nyeusi na nyeupe, kamera inayotikisika, nyuso za watu wa mtaani, hata ikabidi watangaze kwamba hakuna kipande hata kimoja cha picha za habari kilichotumika. Mwigizaji wa kulipwa mwenye nafasi kubwa alikuwa mmoja, Jean Martin, Mfaransa aliyekuwa amesaini tamko la kuvipinga vita vile, na ndiye aliyepewa nafasi ya kanali wa Kifaransa. Filamu ina mapengo yake. Haigusi kabisa Waalgeria waliouana wao kwa wao, FLN dhidi ya wafuasi wa mpinzani wao Messali Hadj. Kwa kipimo cha usahihi mtupu, inapoteza alama.

Lakini tazama tukio la wanawake watatu wanaobeba mabomu kwenye vikapu na mikoba kwenda kuyatega kwenye maeneo ya Wazungu, migahawa ikiwemo. Mmoja anakaa, anasukuma kikapu chini ya kiti kwa mguu, halafu anatazama. Kamera inatazama pamoja naye: wanandoa wanacheka, kijana anacheza, mtoto mdogo analamba aiskrimu. Pontecorvo anatulazimisha kuzihesabu nyuso kabla ya mlipuko. Na maiti wanapotolewa kwenye kifusi, muziki unaopigwa ni uleule uliopigwa awali pale polisi wa Kifaransa walipolipua nyumba za Waarabu kule Kasbah. Mwongozaji anayeshabikia upande mmoja bila kuficha alikataa kutunga maombolezo mawili tofauti. Hakusema kwamba pande zote zilikuwa sawa. Filamu nzima inajua nani alikuwa mtawala na nani mtawaliwa. Ufaransa haikuionyesha hadharani kwa miaka kadhaa, na mwaka 2003 makao ya jeshi la Marekani, Pentagon, yaliwaonyesha maofisa wake ili wajifunze kuhusu Iraq. Haionekani kwamba walichojifunza ni kile cha aiskrimu.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia si cha vifungo vya sare wala cha bendera. Nauliza kama filamu inamruhusu adui kuwa na sababu, na kama maiti wake wanapata mtu wa kuwalilia. Kipimo hicho kinauma kinapoletwa nyumbani, nacho hakina maana kama hakiletwi nyumbani. Siku moja mtu atatengeneza filamu kubwa ya Vita vya Kagera. Mambo yote yapo: Idi Amin wa Uganda akitangaza kulitwaa eneo la Kagera Novemba 1978, daraja la Kyaka likivunjwa, raia wa Kagera wakiuawa na mali yao kuporwa, hotuba ya Mwalimu Nyerere, malori yaliyojaa vijana yakielekea kaskazini, mapigano ya Lukaya dhidi ya Walibya waliomsaidia Amin, Kampala ikiangukia mikononi mwa wakombozi tarehe 11 Aprili 1979. Atahitaji vifaru, na vifaru atavipata kwa jeshi, na jeshi litataka kuusoma mswada. Atakwenda Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, apige picha za misalaba na majina. Watazamaji watalia, na watakuwa na haki ya kulia.

Kutoka Kaboya hadi Mutukula mpakani ni mwendo wa saa chache kwa gari, kupitia Bukoba na Kyaka. Majeshi yetu yaliuteka mji mdogo wa Mutukula Januari 1979, na kwa hasira ya yaliyotendwa Kagera yakausawazisha na ardhi. Raia wa Uganda waliuawa humo, na Nyerere mwenyewe alisikitishwa, akaagiza raia wasiguswe tena. Mwongozaji huyo akifika pale na kamera yake, atakuwa amebakiza dakika chache za filamu na uamuzi wa kuiweka kamera wapi.